Raundi ya Tatu

Nilivunjika mguu nilipoanguka na baiskeli njia ya Litapunga, miaka ya tisini, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Hogo la plasta lilipoondolewa, paja langu lilikuwa limekonda hadi nikaona aibu kulitazama. Hospitalini walinielekeza nikae kitini, nifunge mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, kisha ninyooshe goti mara kumi. Raundi tatu kila siku.

Nilikuwa nikiuguzwa nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Kawajense. Yeye alishinda kazini, kwa hiyo tulibaki mimi na mkewe. Wifi huyu alitoka katika familia iliyokuja kutoka Burundi, na alipochumbiwa mimi ndiye niliyepinga kuliko wote. Sasa alinipikia, akanisaidia hadi bafuni, wala hakuwahi kunikumbusha hayo.

Mazoezi niliyakimbiza. Raundi ya kwanza nilifika kumi, nikaunganisha ya pili papo hapo, nikakwama kwenye sita. Ya tatu nilinyanyua mara mbili tu, mguu ukatetemeka. Wiki nzima ikawa hivyohivyo. Siku moja nililia.

Wifi alikuwa uani akipeta mchele. Akaja na ungo wake, akaketi karibu yangu.

"Unaharakisha uende wapi, wifi?"

"Nataka nimalize."

"Huo mguu hujaupa nafasi. Hata mimi nikitwanga bila kupumua, mchi unanishinda. Nyanyua kumi, halafu utulie mpaka nimalize kupeta ungo huu."

Nikatulia. Niliona ni kupoteza muda, maana ungo mmoja ulichukua kama dakika tatu. Lakini raundi ya pili nilifika tisa. Akajaza ungo tena, akapeta taratibu, nami nikasubiri. Ya tatu nikafika nane.

Tuliendelea hivyo kila asubuhi. Mchele ulipokwisha, alipeta mahindi. Mahindi yalipokwisha, tulipiga soga tu. Katika mapumziko hayo ndipo nilipomfahamu. Na katika mojawapo nilimwomba msamaha kwa yale niliyoyasema wakati wa uchumba wake.

"Nilishayasikia siku ileile uliyoyasema," akasema. "Haya, raundi ya tatu."

Muhula ulipofunguliwa, nilisimama ubaoni vipindi vinne bila fimbo ya kuegemea. Jioni wanafunzi wangu wawili walinibebea madaftari, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, polepole, nikimshukuru Mungu kwamba kaka yangu hakunisikiliza.