Mipira ya Kinga Niliyopeleka Kariobangi

Niliondoka Machakos kwa sababu ya kitu ambacho sikuweza kukitaja mbele ya mama yangu. Mdogo wangu Ndunge, aliyeolewa na dereva wa lori na kuishi Kariobangi, alikuwa amemtuma jirani yetu mchonga vinyago, ambaye hupeleka kazi zake Nairobi, aje aniambie maneno haya tu: "Dada aje, mume wangu hanisikii." Mchongaji aliyaleta kama alivyopewa, hakujua yana nini ndani. Mimi nilijua. Kioko, msaidizi wa shemeji yangu kwenye lori, alikuwa amekufa baada ya kukonda mpaka mkanda ukakosa pa kushika, na waliomuuguza walinong'ona kwamba ni ule ugonjwa ambao redio ilikuwa imeanza kuuita ukimwi. Tangu hapo Ndunge alikataa kulala na mumewe bila mpira wa kinga. Mumewe, Musyoka, alikataa hata kuuona mpira wenyewe, akamwambia achague: aache ukaidi au afunge nguo arudi kwao.

Mimi ndiye mkubwa, na ndiye niliyekaa na Musyoka alipokuja kuposa. Nilijua kama kuna mtu atakayemsikiliza ni mimi, maana nina mdomo mpana na yeye ana heshima. Mama nilimwambia nakwenda kumpa Ndunge pole ya baba mkwe wake, aliyezikwa Kitui majuma machache nyuma. Haukuwa uongo, ila haukuwa ukweli wote.

Asubuhi ya safari nilipitia kwanza zahanati ya mpango wa uzazi. Nesi alikuwa mama mtu mzima anayenijua, kwa sababu mimi ndiye ninayemshonea sare zake. Nilipomwambia ninachotaka, aliniangalia juu ya miwani.

"Baba Mutua amekubali?" aliuliza, akimaanisha mume wangu.

"Si ya Baba Mutua. Ni ya mume wa mdogo wangu."

Akasema, "Katika kazi hii nimesikia mengi, lakini hili ni geni." Akafunga mipira kwenye gazeti, akaongeza mingine, akanifundisha jinsi ya kueleza. Nilimuuliza kama mara moja bila kinga inaweza kumwambukiza mtu. Alisema inaweza. Si lazima, lakini inaweza. Nikaficha kifurushi chini ya vitambaa vya kushona, nikatoka kama mtu aliyeiba.

Kutoka Machakos mpaka Athi River nilikaa upande wa dirisha na kikapu mapajani. Kulikuwa kukavu, ng'ombe wa Wamasai wamelala kando ya barabara, na tulipokaribia kiwanda cha saruji majani yote yalikuwa meupe kwa vumbi. Abiria wa kiti cha nyuma walikuwa wakibishana juu ya ugonjwa huo. Mmoja alisema ni wa Wazungu, mwingine akasema ni wa Uganda, wa tatu akasema ni wa wanawake wa mjini. Hakuna aliyesema ni wa mtu anayemjua. Nilitamani kugeuka niwaambie kitu, lakini mwanamke aliyebeba nilichobeba hana budi kutazama mbele.

Nairobi nilishuka kwenye stendi ya mabasi ya mashambani, nikapanda basi la mjini mpaka Kariobangi. Ndunge alikuwa amehamia ploti mpya ya vyumba vya kupanga na sikuijua. Pale nyuma ya soko mafundi wa jua kali wanagonga mabati tangu asubuhi, wanageuza mapipa kuwa masanduku na majiko, na huwezi kuuliza njia bila kupiga kelele. Fundi mmoja aliweka nyundo chini aliponiona nimesimama.

"Sasa mathe, unasaka nani?"

"Ndunge, mke wa Musyoka. Dereva."

"Wa dere wa trela? Ploti ya gate ya kijani, pale kwa mfereji. Hiyo kikapu nikusaidie?"

"Hapana, mwanangu, kikapu nitabeba mwenyewe," nikasema, tena haraka kuliko ilivyofaa.

Mchana nilimkuta Ndunge uani akifua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, na alikuwa amepungua uso. Moyo wangu ulishtuka, maana siku hizo ukimwona mtu amepungua akili inakimbia mbele. Alisema ni mawazo tu. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia katikati, watoto watatu upande huu na kitanda upande ule. Mdogo kabisa, Mumbua, alikuwa akikohoa.

"Nimechoka kukataa, dada," aliniambia. "Mtu unakataaje mume wako, mlango mmoja, kitanda kimoja? Lakini nikimfikiria Kioko naogopa."

Nilimuuliza kama Musyoka hawezi kwenda kupimwa. Akacheka. Hatukumjua mtu yeyote aliyewahi kupimwa akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Jioni Musyoka alirudi. Ni mtu mkubwa, mpole, na aliponiona alivua kofia. Tulikula ugali na mboga, akaniuliza habari za mashamba, za mume wangu, za mama. Watoto walipolala niliona nikingoja adabu iniruhusu nitangoja mpaka nizeeke. Nikatoa kifurushi kikapuni, nikakifungua, nikakiweka mezani karibu na kitoweo.

"Shemeji, hiki ndicho kilichonitoa Machakos."

Alikisukuma kando kwa kidole. "Hiyo ni kitu ya malaya, shemeji. Bibi ya nyumbani anapewaje hiyo?"

"Na huko kwa hao malaya, ulivaa?"

Aibu ilinipanda mimi niliyeuliza, maana sikuwahi kumwambia mwanamume yeyote neno kama hilo, sembuse shemeji. Ndunge aliinamisha uso. Musyoka alicheka kidogo bila furaha.

"Huko nilikuwa naogopa nini?" alisema. "Tulikuwa tunalala nyumba moja, mimi na Kioko. Malaba, Kampala, kila mahali. Mimi ndiye nilimbeba kumshusha hospitali. Unajua gurudumu la akiba? Lilikuwa nzito kumshinda."

Kisha akafuta macho kwa kiganja, hadharani, mbele yangu. Nilielewa kwamba hakuwa mkaidi. Kukubali mpira kwake kulikuwa sawa na kukubali kwamba anaweza kuwa nao ugonjwa, na hilo ndilo lililomshinda. Tuliongea mpaka taa ya mafuta ikaanza kupungua. Mwishoni alivuta kifurushi upande wake.

"Nitavaa. Nimekubali mbele yako. Lakini maneno haya yasitoke nje ya hii nyumba."

Ndunge alishika mkono wangu chini ya meza akaubana. Nililala sakafuni na watoto usiku huo, na nakiri nilijisifu. Nilijiona nimeshinda vita ambavyo nesi na redio wameshindwa.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, alifika mama mzazi wa Musyoka kutoka Kitui. Alikuja na kuku wawili na shida moja. Mumewe alipozikwa, Musyoka alikuwa Rwanda na lori, hakuwahi mazishi. Sasa kwetu Wakamba, kama wengi wenu mjuavyo, mzazi akizikwa kila mwana aliyeoa hulala na mkewe ili kutoa kifo nyumbani kisije kikachukua watoto, na mkubwa ndiye anayeanza. Musyoka ndiye mkubwa. Kwa sababu Ndunge alikuwa akimkataa, hakuwa ameanza, na wadogo zake wote huko Kitui walikuwa wamekaa wanamngoja, wake zao wananuna, na mtoto wa mmoja wao alikuwa ameshikwa na homa isiyosikia dawa.

"Mama, leo tutamaliza," Musyoka alimwambia kwa Kikamba. Kwa kuwa ni mtu wa kweli, akaongeza, "Ila nimemwahidi shemeji nitatumia kinga."

Ilibidi aeleze ni kinga gani. Mama yule hakukasirika. Alikaa, akavua leso, akauliza kama anayeuliza jambo la kawaida kabisa: "Na kifo kitatoka vipi, kikifungiwa humo ndani?"

Nilijaribu kila njia. Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa, mchungaji aje aombee nyumba. Akasema mchungaji wao mwenyewe alipomzika baba yake alifanya vivyo hivyo, na yeye aliambiwa na mke wa mchungaji huyo. Nilimweleza habari za Kioko. Alimlilia Kioko kwa dhati, halafu akasema, "Mwanangu, mimi sipingi. Kuanzia kesho avae hata ngozi ya ng'ombe. Leo tu hapana." Sikuweza hata kumchukia. Alikuwa mjane aliyesafiri mbali kuokoa wajukuu wake, kama mimi nilivyosafiri kumwokoa mdogo wangu.

Alasiri nilimvuta Ndunge kando, kwenye kamba za nguo. "Mwambie avae. Asubuhi mseme mmemaliza. Nani atajua?"

"Musyoka atakubali," alisema. "Tayari ameniambia nikitaka atavaa na atanyamaza."

"Basi?"

Aliangalia mlangoni, Mumbua alikokuwa amekaa na kikohozi chake. "Na huyu akifa, dada? Utaniambia ni kikohozi tu?"

"Ni kikohozi tu."

"Wewe utasema hivyo. Mimi nitajua ni mimi." Alitoa kifurushi kifuani, akanirudishia. "Niwekee mpaka kesho."

Nilimwambia alivyosema nesi, kwamba hata mara moja inaweza. Akasema amesikia. Mume alikuwa amekubali, mke ndiye aliyeomba kinga tangu mwanzo, na bado mpira ulirudi mkononi mwangu. Nilisimama pale na nguo mbichi zikinigonga usoni.

Usiku huo mimi, mama mkwe na watoto tulilazwa kwa jirani, Mama Halima, ambaye mumewe ana duka la jumla la nafaka hapo sokoni. Alitupa chai ya tangawizi na mikeka, wala hakuuliza kitu. Mama mkwe alilala mara moja, usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Mimi nililia. Mama Halima alinisikia, akaja akaketi.

"Umefiwa, dadangu?"

"Bado," nilimjibu.

Asubuhi Ndunge alikuwa amekoga na kuwasha jiko, anapika uji. Mama mkwe alimpa mkono, akamwita "binti yangu", akaondoka upesi kwenda kuwapa wadogo zake Musyoka habari kwamba njia imefunguka. Nilimrudishia Ndunge kifurushi chake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini ya mto. Musyoka alinisindikiza kituoni na kikapu changu kitupu. "Ahadi yangu iko pale pale, shemeji," alisema. "Kuanzia leo." Nilimwamini. Hata sasa namwamini, na ndilo linaloniuma zaidi.

Njia ya kurudi sikuiona. Nilikwenda nikidhani hatari ya mdogo wangu ni mume asiyesikia, na kwamba ukimshinda mwanamume umemaliza kazi. Nimerudi nikijua kwamba watu wanaopendana wanaweza kukaa meza moja, wote wanaogopa ugonjwa uleule, wote wamekubali kinga, na bado wakaiweka kando kwa ajili ya kuwapenda watoto. Kwa hofu ya namna hiyo nesi hakunipa kifurushi, na mimi sijui kinapatikana wapi.

Jioni nilifika nyumbani. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe, na kabla sijaketi aliinua kichwa.

"Nasikia wale wa Kitui walikuwa wamekwama kwa sababu ya Ndunge. Yeye na Musyoka wamelala?"

"Wamelala, mama."

Alisukuma ungo kando, akafumba macho. "Asante Mungu," alisema. "Sasa watoto wa Ndunge wataishi."

Nilitaka kumuuliza, na Ndunge je? Lakini alikuwa amekwisha kuanza kuomba, na kwetu mama akiomba hakatizwi.