Salamu Mbele ya Kioo

Juzi nilikuwa ndani ya ofisi moja mpya ya serikali hapa Kasulu, yenye vile vioo ambavyo aliye ndani anamwona wa nje, lakini wa nje anajiona mwenyewe tu. Mzee mmoja wa Rungwe Mpya alisimama mbele ya dirisha, akavua kofia, akainama na kupiga makofi taratibu, kama sisi Waha tunavyoamkia wakubwa. "Mwakeye," akasema. Akasubiri, kisha akarudia. Karani alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka.

Mzee alipoingia aliuliza, "Nimewaamkia pale dirishani. Mliniona?"

"Hatukukuona, mzee," karani akajibu, akinitazama mimi.

"Kweli," nikasema. "Hatukukuona."

"Basi sawa. Ofisi ya zamani tuliijenga wenyewe wakati wa Ujamaa. Ilikuwa na baraza na madirisha wazi. Katibu akikataa kukuitikia, ulikuwa unamwona."

Jengo hili lilipozinduliwa, niliandika katika safu hii hii kwamba sasa serikali yetu inaonekana. Juzi aliyeonekana ni mzee yule, na mimi niliyemwona nikamkana mbele ya macho yake.