Gramu za Sukari Ukweni

Nilipokwenda kujitambulisha ukweni, Mwazye, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote niliyoyajua: ukoo, parokia niliyobatizwa, kama nakunywa pombe, na kama lile duka la bati na misumari pale Majengo ni langu au nimeajiriwa. Mchumba wangu alinionya jambo moja tu. "Baba alifundisha kemia miaka mingi kabla ya kustaafu. Akianza, msikilize." Nikadhani kazi yangu itakuwa kusikiliza.

Tulikwenda wawili, mimi na mshenga. Alikuwa fundi cherehani, rafiki wa marehemu baba yangu, mwanamume mwenye sauti ya kanisani na imani kwamba hakuna kitu duniani kisichopungua bei kikizungumzwa vizuri. Njiani alinipa maagizo. "Ukifika, toa shikamoo, kaa, nyamaza. Kwa mila mwoaji hasemi. Mdomo wako leo ni mimi."

Ulikuwa mwezi wa saba, na ile baridi ya Ufipa ilipita kwenye suti yangu kama vile sijavaa kitu. Uani walikuwa wameanika ulezi juu ya turubai. Mzee alitupokea mlangoni, mrefu, mwembamba, amevaa sweta na tai. Sebuleni viti vyote vilipangwa kutazama dirisha, na bawa la dirisha lile, la mbao, lilikuwa limepakwa rangi nyeusi kwa ndani. Nilidhani rangi nyingine ilikwisha.

Chai ikaletwa. Mshenga akakohoa kidogo, akaanza yale ya kuona ua zuri katika bustani ya watu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa natia kijiko cha tatu cha sukari.

"Hiyo sukari," akasema, "moli yake moja ina gramu ngapi?"

Nikabaki na kijiko hewani. Mshenga akajibu bila wasiwasi wowote, "Mzee wetu, kiasi chochote mtakachotaja, sisi tumekuja kuzungumza."

"Hili halizungumzwi. Linakokotolewa."

"Basi kwa mila, mwoaji hasemi."

"Asiseme. Aandike."

Akainuka, akafunga dirisha, na nikaelewa ile rangi nyeusi ilikuwa ya nini. Akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa sweta, akanikabidhi.

"Nakusaidia," akasema. "Molekuli moja ya sukari ina kaboni kumi na mbili, haidrojeni ishirini na mbili, oksijeni kumi na moja. Uzito wa atomu ya kaboni ni kumi na mbili, haidrojeni moja, oksijeni kumi na sita. Zidisha kila uzito kwa idadi yake, halafu jumlisha. Ukipata jumla, hizo ndizo gramu za moli moja."

Kemia niliiacha kidato cha nne, nayo haikunitafuta tena. Lakini kuzidisha najua, ndiyo kazi yangu dukani. Nikaandika kumi na mbili mara kumi na mbili, mia moja arobaini na nne. Mzee akaguna kwa kuridhika. Haidrojeni, ishirini na mbili. Akaguna tena. Nilipofika kwenye oksijeni, mshenga, ambaye hakuzoea kunyamaza muda mrefu kiasi kile, alininong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi uani: "Usiandike kubwa. Anzia chini, tutapanda."

Nikachanganyikiwa. Kumi na moja mara kumi na sita nikaandika mia moja sitini na sita. Jumla ikaja mia tatu thelathini na mbili. Nikarudi kukaa, vumbi la chaki limejaa kwenye mkono wa suti.

"Una hakika?" mzee akauliza.

"Nina hakika, baba."

"Pungufu kumi."

Mshenga akaona nafasi yake imefika. "Mzee wetu, hizo kumi tunaomba mtuachie. Tumetoka mbali."

"Kwenye sukari hakuna kuachiana."

"Basi tugawane. Tano sisi, tano ninyi."

Mzee akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kisha akamwita binti yake aje aulizwe, kama ilivyo desturi. Mchumba wangu akaingia amejifunga kitenge, macho chini, akapiga magoti, akatusalimia.

"Unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, baba."

"Na huyu kijana unamtaka?"

Hapo akainua macho. Hakunitazama mimi, alitazama dirisha. Alilisoma kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza polepole, nami nikatokwa na jasho katika baridi ile.

"Namtaka," akasema. "Ila kumi na moja mara kumi na sita ni mia moja sabini na sita."

"Na hilo kosa?"

"Hili nalisahihisha sasa, baba. Mengine tutasahihisha hukohuko kwetu."

Akainuka, akafuta kwa ncha ya kitenge, akaandika upya. Mzee akasoma kwa sauti ya darasani, "Mia tatu arobaini na mbili. Sawa kabisa. Tumekubaliana."

Jikoni kulikuwa na shangazi wa mchumba wangu. Yeye alisikia namba na neno tumekubaliana, mengine hayakumfikia. Kigelegele kikapasuka, na jirani akakipokea. Mara shangazi akatokea sebuleni akifuta mikono, uso umejaa furaha na mashaka kwa pamoja.

"Kaka," akasema, "ng'ombe mia tatu arobaini na mbili tutawalaza wapi?"

Mshenga alifumba macho. Nilimsikia akimtaja Bikira Maria. Ilichukua muda kumweleza shangazi habari za sukari, na alipoelewa alirudi jikoni amenuna. Kuku tuliyeletewa baadaye hakuwa na mapaja.

Mahari ya kweli ilizungumzwa baada ya chakula, na mshenga akapunguziwa mpaka akafurahi. Wakati wa kuaga, mzee alitembea nami hadi pale kwenye ulezi.

"Tangu nistaafu hakuna aliyesimama kwenye ubao ule," akaniambia. "Wajukuu wakiniona nafunga dirisha wanakimbia."

"Lakini nimekosea, baba."

"Nimefundisha watu wanaokosea maisha yangu yote," akasema, akigeuza ulezi kwa mguu. "Nilikuwa nimewakumbuka."

Tulifunga ndoa mwaka uleule. Mshenga bado anashona pale Majengo, na vijana bado wanamfuata awasindikize ukweni. Haulizi tena habari za ukoo. Anauliza kwanza kama baba wa binti aliwahi kuwa mwalimu, na wa somo gani. Akisikia kemia, fizikia au hesabu, anavuta kitambaa chochote kilicho karibu na kusema ana sare nyingi za shule za kumalizia.