Fataki za Krismasi zilizogoma kupasuka

Mke wa mwanangu ni Mwingereza, na mwaka jana mama yake alikuja Maskati kula Krismasi nasi. Mjukuu wangu akanambia, "Bibi, tumtengenezee fataki za karatasi. Watu wawili wanavuta, huyu huku na huyu kule, inapasuka, ndani mna zawadi. Lakini plastiki hatutaki, wala baruti."

Nikasema kazi ndogo hiyo. Tukachukua vile vibomba vya katikati vya karatasi za chooni, tukatia tende na ubani, tukazungushia magazeti. Kamba nlichana kanga kuukuu, nikakaza mafundo kama nnavyofunga mizigo ya kupeleka Unguja.

Mezani mgeni akashika upande wake, nami wangu. Tukavuta, wapi! Mjukuu akanitolea macho, machozi karibu.

"Bibi, umeikaza mno!"

"Vuta, dada, usinionee haya!" nikamwambia mgeni, na Kiswahili hakijui. Nami nikavuta kwa nguvu zangu zote. Pwaa! Kanzu yangu ikachanika kwapani, kwenye mshono nlioshona mwenyewe.

"Imelia, Bibi! Imelia!"

Mgeni akapiga makofi. Mimi nikaubana mkono ubavuni mpaka watu walipoondoka mezani.