Kitanda cha Marangu

Nimefundisha jiografia miaka ishirini na mitatu katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na kila mwaka nimechora Kilimanjaro ubaoni kwa chaki. Mwenyewe sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko kichuguu. Mlima tulio nao mjini ni lile rundo jeusi la masalio ya shaba, na hata hilo haturuhusiwi kulipanda. Kwa hiyo niliposema likizo hii naenda, magoti yakiwa bado yananisikiliza, nilidhani kazi ngumu itakuwa mlima. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kitanda.

Kiongozi wa kupanda niliyempata kwa simu aliniambia jambo moja, akalirudia mara mbili: usiku wa mwisho kabla ya kupanda nilale Marangu, karibu na geti la mlima, nile kidogo, nipumzike. Watu wengi, alisema, hugeuzwa njiani kurudi chini kwa sababu walianza wamechoka. Nikatafuta. Hoteli za Moshi mjini niliziacha, maana Moshi iko chini kuliko Lubumbashi, na sikuona sababu ya kukaa kwenye mabasi siku nne ili niteremke. Nikapata nyumba ndogo ya wageni ya mama mmoja huko Marangu, vyumba vitano, migomba mpaka dirishani, blanketi mbili kila kitanda. Niliongea naye kwa simu, nikaridhika. Kosa langu ni kwamba nilimwambia kaka yangu.

Kwetu mtu akisafiri hachagui peke yake mahali pa kulala. Hoteli ni ya watu wasio na ukoo, na kulala humo wakati pana ndugu mjini ni kuwatukana waliokuzaa. Mimi sina ndugu Tanzania, jambo ambalo niliona ni bahati. Kaka aliona ni tatizo la kutatuliwa. Alikwenda kwa jirani yetu wa mtaa wa Hewa Bora, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, akarudi anacheka: jirani ana binamu Arusha, mtu wa kanisa, nyumba kubwa, watoto wanane. Nikamwambia Arusha ni mbali na geti. Akasema mabasi yapo. Nikamwambia binamu wa jirani si ndugu yangu. Akasema kuanzia leo ni ndugu.

Kwa wiki mbili nzima sikusikia habari nyingine. Binamu ameshapanga siku tatu za kunikaribisha. Wakwe zake wanataka kumwona mgeni wa Kongo. Alfajiri nyumba yote huamka kuomba, na mgeni naye ataomba. Nikaambiwa nibebe samaki wakavu, maana huwezi kuingia kwa watu mikono mitupu. Nilijiona nikianza kupanda tumbo limejaa, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kisha nikigeuzwa kama wale wengi. Nafasi yenyewe ni hii moja. Mwaka kesho nitakuwa na magoti gani? Maji yalinifika shingoni. Nikaacha kupokea simu za kaka.

Ndipo tukaitwa Jumapili, baada ya ibada, kwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, kule Annexe, pembezoni mwa mji, anakolima mahindi. Katika familia yetu yeye ndiye hukata maneno. Tulikaa nje, pembeni ya shamba, yeye akipukuchua mahindi kwenye beseni, kaka akisifu nyumba ya Arusha kana kwamba kaijenga yeye. Zamu yangu ilipofika nilichora ramani kwa kidole juu ya meza: geti hapa, Arusha kule. Niliwaeleza kama ninavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza. Nikamaliza kwa ukali kwamba mimi ni mtu mzima na nitalala Marangu.

Shangazi hakuacha kupukuchua.

"Mutoto yangu," alisema, "kama unakufa kule, nani atalia? Oteli haiwezi kulia muntu."

Nilijua anamfikiria nani. Mtoto wake wa pili alifia upande wa Zambia. Alivuka mpaka kwa njia ya Kipushi kwenda kununua unga, akaugua katika nyumba ya wageni, akazikwa na watu wasiojua hata jina lake. Habari ilitufikia baada ya mwezi, tukakaa matanga bila mwili. Nilikuwepo kwenye matanga hayo, nikipika. Lakini wiki mbili zile nilikuwa nimeshughulika na hasira yangu tu, na sasa aibu ikanishika mbele ya kaka.

Hata hivyo Arusha sikuikubali. Nilipiga simu Marangu, nikamkabidhi shangazi. Alimsalimia mama mwenye nyumba, akamuuliza mume, watoto, kanisa, mvua, ndizi. Kiswahili chake na cha yule mama kiligongana hapa na pale, lakini walisikilizana. Kisha akamuuliza waziwazi: mgeni akifia kwake, atamlilia? Na atapiga simu siku ileile? Nikajua kitanda nimeshakikosa, maana nani angetaka mgeni anayetanguliza msiba wake?

"Nitamlilia, mama," sauti ikasema. "Na sitaruhusu mtu amguse mpaka mje."

Shangazi akamshukuru, akamwamuru kaka aandike namba ile nyuma ya Biblia, na habari ya Arusha ikaishia hapo. Kaka alinung'unika kwamba samaki wameshanunuliwa. Akaambiwa wataliwa Marangu.

Ningepaswa kufurahi. Lakini hasira ilikuwa bado imenikaba, kwa sababu mlima niliouchora miaka yote hiyo walikuwa wameugeuza mazishi. Nikamwambia shangazi kwamba tumekaa hapa mchana kutwa, tumepanga kilio changu mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nitafika kileleni.

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, mikono imetulia ndani ya beseni.

"Kufika iko kazi yako," alisema. "Kukurudisha, ile iko kazi yetu."

Akanisogezea hindi, nikaanza kupukuchua pamoja naye.