Alirudi Kutoka Getini

Saa kumi na moja alfajiri, jiko la wanyoaji kondoo linanuka mafuta na kahawa, na Raelene Tregenza anasoma huku anakaanga. Mkono wa kulia unageuza mbavu za kondoo, wa kushoto unageuza kurasa. Riwaya ameiegemeza kwenye kopo la unga na kuibana kwa kibanio cha nguo isije ikajifunga.

Leo hageuzi kitu. Ukurasa ni uleule tangu alipowasha jiko, na mbavu za kwanza zimeungua. Watu wa hapa watakwambia Raelene haunguzi chakula.

"Shemeji, leo unatulisha makaa?" anauliza Kev Doolan, mnyoaji mkongwe kuliko wote, akichungulia mlangoni na kikombe mkononi.

"Kula, Kev. Makaa yanasafisha meno."

"Laiti ningekuwa nayo," anajibu Kev, na anavuta kiti.

Watu kumi na wanne wanamtegemea mama huyu kwa tumbo lao. Kengele ya kazi inalia saa moja na nusu, na kabla yake lazima wawe wamekula. Saa tatu na nusu wanataka chai na keki, saa sita chakula cha mchana, saa tisa chai tena, na jioni nyama ya kuoka na viazi. Kondoo wa banda moja wakiisha kunyolewa, wanafunga vitu na kuhamia shamba jingine, naye anahama nao, sufuria mbele, vitabu nyuma.

Vitabu vyenyewe ni vya aina moja. Vimeandikwa na wanawake wa huku huku Australia, vinahusu mashamba ya huku huku, na ndani yake lazima mtu afe. Kwenye jalada kuna mwanamke mwenye kofia amesimama kwenye uzio, ametupa mgongo, anatazama mbali. Sura yake haionekani kamwe.

"Tunamngoja ageuke," anasema Raelene. "Mimi na wifi yangu tunamsema kila siku. Mpenzi, geuka basi, tukuone pua."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Wiki mbili hizi hayuko sawa, na sababu ni huo ukurasa ulio mbele ya kopo la unga.

Raelene ana miaka hamsini na nane. Mumewe, Col, alifariki miaka kumi na minane iliyopita, moyo ulipomsimama kwenye pampu ya bwawa, katikati ya ukame uliomaliza nusu ya kondoo wao. Majirani walileta vyakula, kama desturi ilivyo: nyama iliyofunikwa kwa viazi, keki za nazi zilizochovywa kwenye chokoleti, supu za kutosha kuogea. Baada ya siku chache vyakula vikakoma na simu ikanyamaza. Kisha mtu, hajui nani hadi leo, akaacha gunia la riwaya barazani.

"Nilizisoma kama mtu mwenye njaa," anasema. "Sikuchagua. Nikimaliza mjane mmoja nachukua mwingine. Nilikuwa naona angalau kuna mtu anayejua ninachokijua."

Shamba liliuzwa mwaka uliofuata. Yeye akashika mwiko wa wanyoaji, akamlea binti yake, Tegan, aliyekuwa na miaka tisa baba yake alipofariki. Siku ile Tegan alikuwa shule. Hakumwona baba yake akiondoka, hakusikia neno lake la mwisho. Alichonacho ni kile mama yake alichomsimulia.

Na alichomsimulia ni hiki. Asubuhi ile Col alipanda gari lake la mizigo, akafika getini, halafu akageuza akarudi. Akasimama kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi, akasema: "Anua nguo, mvua inakuja." Akaondoka tena. Hakurudi.

Wenyeji nao walikuja kulisikia neno hilo baadaye, na wanalijua hadi leo. Mvua ilikuja kweli, siku ya mazishi, na watu walilia zaidi kwa ajili ya mvua ile kuliko kwa hotuba ya mchungaji. Sasa Tegan amechanga na wenzake kumwekea baba yake benchi kwenye uwanja wa kriketi, na kwenye benchi kitakuwapo kibao cha shaba. Maneno ya kuchongwa hayakuhitaji kujadiliwa. Anua nguo, mvua inakuja.

Ndipo gari la maktaba likapita.

Gari hilo huegeshwa kando ya maghala ya ngano na kuazimisha vitabu. Siku hiyo Raelene alikuwa bandani, kwa hiyo wifi yake Jeanette, dada wa Col, alimchukulia vitabu. Hapo ndipo palipoharibikia, maana Jeanette hakukagua alama.

Wanawake wa wilaya hii husoma sana, na riwaya hizi zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Ili mtu asiazime kitabu alichokwisha kukisoma, kila mmoja ana alama yake ya siri ndani ya vitabu vya maktaba. Jeanette anaweka nukta chini ya neno la kwanza la ukurasa wa kumi na tisa. Raelene anazungushia duara namba ya ukurasa wa arobaini na moja, duara lenye mkia, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa namba ya sanduku lao la barua shambani. Msimamizi wa gari analijua jambo hilo vizuri na anajifanya kipofu.

Raelene alianza kusoma bila shaka yoyote. Mjane, shamba la ng'ombe, ukame. Akafika mahali mume anapoondoka asubuhi. Anafika getini. Anageuza gari. Anasimama kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi, anamwambia mkewe: anua nguo, mvua inakuja.

"Nilihisi nimeibiwa," anasema. "Nikasema, huyu mwandishi kamtoa wapi mume wangu? Nilitaka kumpigia simu mtu, sijui nani. Polisi."

Kisha vidole, kwa mazoea, vikatafuta ukurasa wa arobaini na moja. Duara lilikuwepo, na mkia wake.

Alikuwa amekwisha kukisoma, lini, hakumbuki. Alitazama kitabu kilitoka mwaka gani, akakuta ni mwaka uleule aliofariki Col. Kwa hiyo hapo pia hakupata jibu. Pengine Col alisema, na mwandishi asiyemjua akaandika jambo hilohilo. Pengine Col hakusema kitu, na mjane mwenye njaa alilichukua neno kitabuni, akampelekea mtoto wake, akalisema mara nyingi mpaka likawa lake.

"Nguo nazikumbuka," anasema, na sasa ameketi, jambo ambalo wapishi hawalifanyi saa hii. "Mashati mawili ya Col kambani, ya buluu. Nikafurahi, nikasema hayo ni yangu. Nikafungua ukurasa unaofuata. Mashati mawili. Ya buluu. Sasa niambie wewe, nimshike nani?"

Jumapili alimwendea Jeanette, aliyekuwa anamenya viazi. Mazungumzo yao, kama wote wawili wanavyoyasimulia, hayakumsaidia.

"Wifi, Col alikuwa mtu wa kusema maneno kama yale?"

"Kaka yangu? Col alikuwa analowa mpaka soksi ndipo anauliza kama mvua inanyesha."

"Kwa hiyo hakusema."

"Sijasema hakusema. Watu husema vitu vya ajabu siku ya kufa. Lakini nguo, Rae? Col alidhani nguo zinajianua zenyewe."

"Mbona miaka yote hii hukuniambia?"

Jeanette aliweka kisu chini. "Kwa sababu nilikuwa nalipenda. Nilitaka kaka yangu awe amewaza nguo zako."

Raelene anasema alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Alijaribu kuikumbuka asubuhi ile upya, kidogo kidogo, na kila alichokishika kilikuwa na harufu ya karatasi. Mbwa aliyelala kizingitini: wao hawakuwa na mbwa mwaka ule. Redio iliyokuwa inasoma bei ya sufu: inawezekana. Saa ya ukutani: ya nani? Ilifika mahali akaogopa kumkumbuka Col kabisa, asije akamsugua mpaka akafutika.

Tumaini, kama ni tumaini, lilitoka kwa Kev, juzi, kwenye chai ya saa tisa. Kev ndiye aliyemkuta Col amelala kwenye pampu siku ile. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kulizungumza jambo hilo, wala hakuna aliyemwomba.

"Alisema nini sijui, shemeji," alisema, macho kwenye keki. "Sikuwepo. Kwenye ukame ule kila mtu alisema mvua inakuja, hata mimi, hata benki. Lakini nikiwa naingia kwako mchana ule nilisimama kufungua geti. Vumbi lilikuwa jingi, na matairi ya gari lake yalikuwa yamejichora wazi. Alifika getini, akageuza, akarudi nyumbani. Halafu matairi yanatoka tena. Nilishangaa, nikasema, huyu kasahau nini? Col hakuwa mtu wa kurudia njia. Dizeli ilikuwa ghali."

"Una hakika, Kev? Hukusoma mahali?"

"Mimi?" alisema Kev. "Mimi sijasoma kitu tangu karatasi za talaka."

Raelene alienda nyuma ya jiko, kwenye mapipa ya taka, akalia. Anasema lilikuwa kilio chake mwenyewe, na haoni mahali alipokisoma.

Jioni ile alimpigia Tegan simu na kumweleza yote, kuanzia duara mpaka mashati.

"Kwa hiyo baba hakusema?" aliuliza Tegan.

"Sijui, mwanangu. Labda alisema. Labda nimesoma."

"Mama, mimi kila nikianika nguo naangalia mbingu. Kila siku. Hata kukiwa na jua kali namsikia." Kisha simu ikakatika, na Raelene hakujua kama ni mtandao au ni mtoto.

Asubuhi Tegan alipiga mwenyewe. Alitaka kitabu kisirudishwe maktaba kwanza. Jumamosi benchi litazinduliwa, kriketi itachezwa, na yeye anataka akae hapo na mama yake, na chupa ya chai, wakisome pamoja mpaka mwisho. Raelene amekubali. Hajui kitabu kinaishaje. Kama alipata kujua, amesahau. Anachotamani ni kupita ule ukurasa akiwa na mtu pembeni.

Likabaki la fundi wa kibao, aliyekuwa anasubiri maneno.

"Mwambie aandike jina lake," Raelene alimwambia binti yake, huku mbavu zikichemka kwenye mafuta, "na chini yake: Alirudi kutoka getini."

"Basi?"

"Basi. Hilo lina uhakika."

"Watu watauliza alirudi kufanya nini."

"Waache waulize, mwanangu," alisema Raelene. "Mimi mwenyewe nauliza."