Dakika Saba za Nyamusi

Mwalimu Eucabeth Nyaboke hakuwa mtu wa kupayuka. Akikasirika alisugua sufuria. Mumewe alijua, watoto walijua, na jirani aliyesikia majivu yakikwaruza bati tangu asubuhi alijua heri aombe chumvi nyumba nyingine. Lakini ile hasira ya mwaka 1973 haikuwa ya sufuria. Kwa hasira ile angetoboa chungu.

Ilianza siku mwalimu mkuu, Bwana Nyamongo, alipoingia chumba cha walimu na bunda la vitabu vya jalada la kijani, uso umemkunjuka kama wa mtu aliyeletewa mahari.

"Walimu, shukuruni Mungu," akasema. "Ofisi ya elimu imetuletea masomo tayari. Hakuna kuandika andalio tena. Unafungua, unasoma, unafundisha."

Andalio la somo, kwa asiyeijua kazi hiyo, ni ule mpango ambao mwalimu huuandika kabla ya kuingia darasani: dakika hizi nitaeleza hili, dakika zile wanafunzi watafanya lile. Ni kazi ya kuchosha kama kupalilia wimbi, tena haionekani. Basi walimu wakashangilia. Eucabeth, aliyefundisha jiografia, akapewa chake: *Masomo Tayari ya Jiografia, Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kimetungwa na Jethro Obwocha.* Akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, na alipofika wa tano alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

Yalikuwa masomo yake. Hayakufanana na yake. Yalikuwa yake, neno kwa neno, mpaka koma.

Ili uielewe hasira hiyo, lazima ujue yalivyoandikwa. Mwaka 1966 wazazi wa kilima kile, mwendo wa saa moja kutoka Nyaramba, waliuza mayai na pareto wakajenga shule ya sekondari ya harambee. Madarasa mawili ya udongo, mwalimu mkuu mmoja, na wanafunzi wengi kuliko madawati. Mwalimu wa jiografia hakuwepo. Eucabeth alikuwa anafundisha shule ya msingi pale chini ya kilima, akaombwa asaidie kwa muda mfupi. Kitabu pekee alichokikuta kilieleza mashamba ya ngano ya Kanada. Watoto wa Kisii na ngano ya Kanada, wapi na wapi?

Akajiandikia mwenyewe. Kwa kila somo alikwenda kwanza kwa miguu kutazama. Alishuka mtoni akahesabu hatua. Alichora mgongo wa kilima cha Manga kama unavyoonekana kutoka mlango wa darasa. Somo la mmomonyoko wa udongo alilikuta nyuma ya choo cha wavulana, ambako mvua ilikuwa imechimba mfereji wa kuingia mtu mpaka kiunoni, akaandika: *Wapeleke wanafunzi nyuma ya choo cha wavulana.* Masomo sabini na mbili, madaftari matatu makubwa, miaka miwili ya kukesha na kalamu.

Na mwaka huohuo wa 1966 akajifungua Nyamusi. Likizo ya uzazi siku zile ilikuwa kama chai ya kilioni, ukiichelewesha midomoni imekwisha. Akarudi darasani mtoto akiwa mchanga. Mama mkwe wake, Bathsheba, mwanamke wa maneno machache na mgongo wenye nguvu, alimbeba mjukuu kila asubuhi mpaka shuleni ili anyonye. Hakuwa na saa. Alifika alipofika, akasimama mlangoni, akakohoa. Eucabeth akatafuta njia. Kwa kuwa hakujua bibi angefika kipindi gani, katika kila andalio, dakika ya ishirini, akaandika: *Wanafunzi wachore kimya, dakika saba.* Wao wakichora, yeye yuko nje nyuma ya ukuta, ameketi juu ya jiwe, Nyamusi kifuani.

Kwa nini saba? Kwa sababu Nyamusi alishiba kwa dakika saba. Hakuna sayansi nyingine pale.

Sasa Jethro Obwocha. Mwaka 1968 alikuwa mwalimu mkuu wa shule changa upande wa Nyakoe, hana mwalimu wa jiografia. Akaja nyumbani kwa Eucabeth, suti imepigwa pasi, akanywa maziwa lala vikombe viwili.

"Dada yangu, niazime hayo madaftari wiki mbili tu. Ni kazi ya Bwana hii."

Akaomba sala ndefu, akaondoka na madaftari. Wiki mbili zikawa muhula mzima. Yaliporudi yalikuwa na alama za vidole vya wino, wino ule mweusi wa mashine ya kuzungusha kwa mkono inayotoa nakala. Eucabeth aliziona. Akadhani labda ni uchafu wa safari. Mtu mwema huchelewa kushuku, na wevi wanalijua hilo. Miaka mitatu baadaye Jethro akachukuliwa ofisini kuwa mkaguzi wa shule, na mwaka 1973 kitabu cha kijani kikatoka. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau haombi sala kwanza.

Tena alinakili bila kufikiri! Karani alipiga chapa yote aliyoyakuta. Katika shule moja mwalimu alifungua somo la kumi na moja, akaongoza watoto arobaini nyuma ya choo cha wavulana kama alivyoagizwa, wakatokea katika shamba la vitunguu la mwanamke mmoja, naye akawafukuza na jembe mpaka barabarani. Na zile dakika saba? Jethro alizikuta katika kila somo, hakujua za nini, akaona aibu kuuliza. Kwa hiyo akazitungia dibaji. *Dakika Saba za Utulivu*, aliandika, *ni mbinu iliyothibitishwa. Akili ya mwanafunzi huchoka dakika ya ishirini na huhitaji kimya.*

"Eucabeth," alisema Rispa Akong'o siku ile, akisoma juu ya bega la mwenzake. Rispa alifundisha upishi na ushonaji, alitoka kwao ziwani mwaka shule ilipofunguliwa, na mara nyingi Bathsheba alipochoka ni yeye aliyempakata Nyamusi. "Eucabeth, si hii ni ile ya mtoto? Ya kunyonyesha?"

"Ni ile."

"Na wameandika ni mbinu?"

Rispa alicheka mpaka akashika meza. Eucabeth hakucheka. Aliandika barua ofisini, kurasa tatu, na majibu hayakuja. Si kwamba barua ilipotea. Barua zote za jiografia zilifunguliwa na Jethro.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba serikali inaichukua shule. Hiyo ilikuwa neema kwa wazazi, ila kwa Eucabeth ilikuwa kamba shingoni. Mwalimu aliyesomea ualimu wa shule ya msingi angebaki sekondari kwa njia moja tu, akaguliwe darasani na mkaguzi aandike kwamba anafaa. Asipofaa, arudi alikotoka. Miaka minane ya kazi ikawekwa juu ya somo moja la dakika arobaini. Na mkaguzi wa jiografia mnamjua.

Jethro alikuja siku ya Jumanne, akaketi nyuma ya darasa, kitabu cha kijani magotini. Eucabeth alifundisha bonde la mto. Alifundisha vizuri, nami sisemi hivyo kwa kumpendelea. Mtoto aliyekuwa akisinzia tangu Januari aliinua mkono mara mbili siku ile. Dakika ya ishirini ikafika, ikapita. Hakunyamazisha mtu. Kwa nini anyamazishe? Nyamusi alikuwa na miaka minane, yuko darasa lake, anakula muhogo.

Mkaguzi akasimama mbele ya wanafunzi wote.

"Mwalimu, dakika saba iko wapi?"

"Haihitajiki leo, Bwana Mkaguzi."

"Haihitajiki? Hii ni mwongozo ya ofisi. Wewe ni nani ya kusema haihitajiki?"

Akaandika. Eucabeth aliiona kalamu yake ikitembea. Alitaka kumvua ile suti kipande kwa kipande. Akamaliza somo.

Katika chumba cha walimu kulikuwa na chai na viazi vitamu vya mgeni. Kwa ajili ya Rispa, asiyejua Kikisii, hapo waliongea Kiswahili. Eucabeth hakuketi. Alifungua kabati, akatoa madaftari matatu, akayaweka mezani mbele ya mkaguzi, juu ya sahani ya viazi.

"Bwana Mkaguzi, uniambie mbele ya hawa. Hii dakika saba ilitoka wapi?"

Jethro hakuyatazama madaftari. "Ni utafiti. Akili ya mtoto inachoka."

"Inachoka dakika ya ishirini?"

"Kabisa. Wataalamu wamepima."

"Ni mimi nilipima," Eucabeth akasema, na sauti yake, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda, ilipanda. "Nilipima na titi langu! Ilikuwa ya kunyonyesha Nyamusi. Fungua hapa. Tarehe hii ni ya mwaka gani? Mwandiko ni ya nani? Ulikunywa maziwa yangu, ukaomba Mungu nyumbani kwangu, halafu leo unaniandikia makosa kwa kazi yangu mwenyewe! Huna haya?"

Rispa alisema, "Mimi ni shahidi. Huyo mtoto nilimbeba." Mwalimu mmoja akatazama dari kana kwamba paa linavuja.

Jethro akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo Eucabeth hakulisamehe kamwe.

"Mwalimu, hiyo hasira ya nini? Tunajenga taifa. Harambee si ni kuweka pamoja? Masomo haina mwenyewe."

"Kama haina mwenyewe, jina yako inafanya nini hapo juu?"

Jethro akageuka kumtazama Nyamongo. Na Nyamongo, aliyejua kila kitu, aliyemwona Bathsheba akikohoa mlangoni mwaka mzima, Nyamongo akakunja mikono, akainamisha kichwa.

"Tuombe," akasema.

Wote wakafumba macho. Hivyo ndivyo mambo yalivyozikwa kwetu siku zile; ugomvi ukikaribia kufika kwenye ukweli, mkubwa mmoja hukumbuka sala. Eucabeth hakufumba. Alimtazama Jethro tangu "Baba yetu" mpaka "Amina", akaona jicho moja limefunguka kidogo, linatafuta mlango.

Ripoti ilikuja kabla ya Krismasi. *Hafuati mwongozo. Hafai sekondari.* Januari 1975 akarudi shule ya msingi, darasa la tatu, kufundisha watoto kuhesabu vijiti. Rispa alimsindikiza akibeba yale madaftari kichwani. Sufuria za nyumba ile hazikupata kung'aa vile tena, maana hasira hii haikusuguka kwa majivu. Watu wakamwambia apoe, yamepita. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila mwaka kitabu cha kijani kilipigwa chapa upya, na kila mwaka jina la juu lilikuwa lilelile.

Mwaka 1979 Nyamusi akaingia kidato cha kwanza katika shule ileile ya kilimani. Mwalimu wa jiografia alikuwa kijana aliyeitwa Ogada, mpole, hajui lolote la zamani. Wiki ya pili Nyamusi akarudi nyumbani amenuna.

"Mama, mwalimu anatunyamazisha dakika saba kila siku tuchore. Nikauliza ni ya nini. Akasema kitabu imesema."

Eucabeth alikuwa anachambua mboga. Akaacha. Hakuwahi kumwambia, hakutaka mtoto akue akidhani kunyonya kwake ndiko kulikomharibia mama kazi. Lakini jioni ile alimwambia yote, mbele ya Bathsheba, ambaye sasa alikuwa mzee wa kuketi kando ya moto. Bibi aliitikia kwa kichwa tu. Mwishowe akasema, "Ni kweli. Miguu yangu inakumbuka."

Siku tatu baadaye ikaja barua: mzazi afike shuleni, mtoto ameharibu mali ya serikali.

Eucabeth alipanda kilima ambacho hakuwa amekipanda miaka minne. Ogada alimpokea nje ya darasa kwa heshima, kitabu cha kijani mkononi. Kupitia mlango Eucabeth aliwaona wanafunzi wameinama juu ya karatasi, kimya, wanachora. Nyamusi alikuwa amesimama peke yake mbele, uso ukutani.

"Mama, samahani kukusumbua. Tazama vile mtoto amefanya. Ameharibu kitabu na kalamu ya wino."

Kwenye jalada, jina la Jethro Obwocha lilikuwa limekatwa kwa mstari mnene. Juu yake, kwa mwandiko wa msichana wa miaka kumi na mitatu, palikuwa pameandikwa: *Eucabeth Nyaboke.*

Aliliangalia muda. Lilikuwa jina lake, mahali pake, kwa mara ya kwanza, na lilikuwa limeandikwa na yule yule aliyenyonya.

"Ni kweli amekosa," akasema. "Nipe kalamu."

Ogada akampa, akifurahi kwamba mzazi huyu ni mwelewa. Eucabeth akakiegemeza kitabu ukutani, na chini ya jina lake akaandika *1966*. Karibu na mwaka, kwa herufi ndogo, akaongeza *na Bathsheba, aliyembeba mtoto.* Akarudisha kalamu.

"Sasa imekamilika. Hiyo adhabu utatupatia wawili," akasema, akaingia darasani, akaenda kusimama ubavuni mwa binti yake.